Hori Ndani ya Nyumba



Wapendwa wasikilizaji wa Tukuyu na Rungwe nzima, kila Noeli watoto wetu huigiza Maria na Yosefu wakibisha hodi, naye mwenye nyumba ya wageni akiwafukuza. Lakini tukiisoma Injili ya Luka, sura ya 2, mtu huyo hatumwoni. Mwinjili asema tu kwamba mtoto alilazwa horini, kwa kuwa mahali pa wageni hapakuwa na nafasi.

Neno la Kigiriki alilotumia Luka hapo ni kataluma. Analitumia tena katika sura ya 22, kwa chumba ambamo Bwana alikula Pasaka pamoja na mitume. Bali katika mfano wa Msamaria mwema, sura ya 10, anapotaja nyumba ya kulaza wasafiri kwa malipo, anatumia neno jingine. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa Maandiko huona kwamba Luka anataja chumba cha wageni katika nyumba ya watu, nacho kilikwisha kujaa. Tena Yosefu alikuwa wa ukoo wa Daudi. Kule Bethlehemu hakuwa mgeni kabisa.

Je, hori lilitoka wapi? Wazee wa Kinyakyusa hawatapata taabu kuelewa. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Rungwe katika miaka ya 1930, aliandika juu ya nyumba za hapa ambamo ng'ombe na watu walilala chini ya paa moja. Palestina nako, katika nyumba nyingi za wakulima, mifugo iliingizwa ndani usiku, na hori lilikuwa karibu na mahali pa kulala watu. Mapokeo ya kale, tangu Mtakatifu Yustino katika karne ya 2, hutaja pango. Nayo mapango yalitumika kuwa sehemu ya nyumba huko.

Basi yawezekana kwamba Maria hakufukuzwa. Chumba kilijaa, lakini watu maskini walisogea, wakampa mama mzazi mahali walipopaweza.

Ndugu zangu, ni rahisi kumlaumu mwenye nyumba ambaye Injili haimtaji. Tujitazame sisi. Binti akionekana mjamzito kabla ya ndoa, wapo wazazi wanaomtupia nguo zake nje. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Je, mlango wa shule ufunguke, na wa baba yake ufungwe? Mathayo atueleza kwamba Yosefu naye alifadhaika, akawaza kumwacha Maria kwa siri. Lakini alimsikiliza malaika, akamchukua nyumbani kwake.

Mungu hakudai chumba kizuri. Aliridhika na hori, maadamu lilikuwa ndani ya nyumba. Baba, mama, kama chumba kimejaa, sogeeni.

Amina.