Ufundi wa filamu za katuni: soko linanunua mkono kabla ya cheti

WAFANYABIASHARA wengi wa Afrika Mashariki wanaijua biashara ya filamu za katuni kwa upande mmoja tu. Watoto wanakaa mbele ya televisheni, na baada ya muda si mrefu dukani panaulizwa begi, daftari na fulana zenye picha za wahusika hao. Upande wa pili, ambao ndio wenye ajira, ni wa mafundi wanaozitengeneza. Huko nako fedha za wananchi zinaingia: mzazi anatoa karo kwenye mtaji wa duka, na mwekezaji mdogo ananunua kompyuta tatu na kufungua studio. Kabla ya kutoa fedha hizo, ni vema kila mmoja ajue ananunua nini.

Kazi hiyo kitaalamu huitwa uhuishaji, yaani kuifanya picha isiyo na uhai ionekane inatembea, inacheka na kupumua. Sinema hutumia picha 24 kwa kila sekunde, na televisheni za eneo hili picha 25. Fundi anaweza kupunguza kazi kwa kuushikilia mchoro mmoja kwa picha mbili, lakini hata hapo sekunde moja itahitaji michoro 12 hivi.

Mfano wa karibu ni mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Mtindo wake wa rangi unatokana na Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji huo Dar es Salaam. Kazi ya kuuhuisha ilifanyika Nairobi katika studio ya Homeboyz, kwa ushirikiano na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Vipindi vilikuwa 52, kila kimoja cha dakika 11. Ukipiga hesabu ya picha 25 kwa sekunde, ni picha 858,000. Mzigo wa namna hiyo haubebwi na mchoraji mmoja mwenye kipaji. Unahitaji kikosi cha watu waliofundishwa, kila mmoja na sehemu yake.

Kazi za gereji moja

Hapa ndipo waombaji wengi wa kazi hukosea. Kijana hujitambulisha kuwa "anajua katuni", wakati studio inatafuta mtu wa kazi moja maalumu. Hali hii ni sawa na ya gereji kubwa: mwenye gari lenye hitilafu ya umeme hamtafuti fundi rangi.

Yupo anayechora mpangilio wa matukio kabla kazi haijaanza, yupo anayebuni maumbo ya wahusika, na yupo wa mandhari ya nyuma. Katika katuni za kompyuta zenye umbo kamili, mmoja hujenga mwili wa mhusika na mwingine huweka mifupa na viungo ndani yake ili uweze kukunjwa. Baada yao ndipo anapokuja mhuishaji mwenyewe, ambaye kazi yake ni mwendo na hisia. Wa mwisho hupanga mwanga na kuunganisha tabaka zote ziwe picha moja.

Anayeweka mifupa huenda asijue kuchora vizuri, lakini lazima ajue viungo vya mwili na hesabu za kompyuta. Mhuishaji naye lazima ajue muda: mtu mzito akiruka hukaa hewani kwa picha ngapi, na mguu wake ukigusa chini goti hukunjika kiasi gani. Ujuzi huo haupatikani kwa kununua programu, bali kwa kurudia zoezi lile lile mara nyingi chini ya jicho la fundi aliyemtangulia.

Thamani ya cheti

Tanzania inayo ngazi zake za ufundi. Mamlaka ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi stadi ya ngazi ya 1 hadi ya 3. Vyuo vya ufundi vinaendelea kutoka ngazi ya 4, na ngazi ya 6 ni stashahada ya kawaida. Nchini Kenya pia ngazi ya 6 ya mafunzo ya ufundi ni stashahada, na Nairobi kuna vyuo binafsi vinavyofundisha uhuishaji, kikiwamo Africa Digital Media Institute. Afrika Kusini ina The Animation School, iliyoanza mwaka 2000.

Huko Ulaya, moja ya shule zinazoheshimiwa zaidi ni Gobelins ya Paris, iliyoanzisha idara ya uhuishaji mwaka 1975. Wafanyabiashara watapenda kujua kwamba shule hiyo ilikuzwa na Chemba ya Biashara na Viwanda ya jiji hilo. Wenye biashara wa Paris waliona mapema kuwa fundi wa picha ni sehemu ya uchumi.

Hata hivyo, studio inapochagua mtu, kitu cha kwanza kinachoangaliwa ni mkanda wa kazi zake wenye urefu wa dakika moja au mbili. Mwombaji asiyeridhisha katika sekunde za mwanzo hatasaidiwa na stashahada. Cheti kina mahali pake: kinatakiwa katika ajira za serikali, katika kuomba zabuni, katika kufundisha chuoni na katika maombi ya kibali cha kazi nchi za nje. Mwenye cheti bila mkanda hukosa kazi ya kwanza. Mwenye mkanda bila cheti huipata, ila mbele ya safari hukutana na milango iliyofungwa. Kwa fundi aliyejifunzia kazini, Tanzania ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kwa fani zilizomo katika orodha ya VETA.

Mtaji umepungua, ushindani umeongezeka

Zamani gharama kubwa ilikuwa vifaa. Leo programu ya Blender hutolewa bure, na uwezo wake umethibitishwa. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa programu hiyo kwa gharama ya kiasi cha Euro milioni 3.5, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025. Triggerfish ya Cape Town nayo ina mafunzo ya awali yasiyolipiwa kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo kijana anaweza kupimwa nyumbani kwa miezi sita kabla mzazi hajalipa karo.

Kilicho rahisi kwa mmoja ni rahisi kwa wote, na soko lenyewe hupanda na kushuka. Mwaka 2022 Netflix ilipoteza wateja ikafuta miradi kadhaa ya katuni. Mwaka 2024 Pixar ilipunguza wafanyakazi wapatao 175. Aidha, kompyuta zimeanza kufanya zenyewe sehemu ya kazi ndogo ndogo walizokuwa wakianzia wanagenzi. Anayejua kidogo cha kila kitu ndiye aliye hatarini zaidi.

Upande wa matumaini nao upo. Mwaka 2023 Disney ilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Kiafrika, zikiwamo za Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Dar es Salaam, shirika la Ubongo limetengeneza vipindi vya watoto kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Hilo ni shirika lisilogawa faida. Anayetaka kufungua studio ya kibiashara asidhani hesabu zake zitafanana na za shirika hilo. Mteja wake wa kwanza huenda akawa benki, kampuni ya simu au wakala wa matangazo anayetaka sekunde 30 zilizokamilika kwa siku aliyoahidiwa.

Kabla ya kulipa

Mzazi au mwekezaji afanye mambo manne. Kwanza, aombe kuona kazi za wahitimu wa chuo, si picha za majengo yake, na aulize wahitimu hao wako wapi. Pili, aulize kama walimu wamewahi kufanya kazi katika uzalishaji halisi. Tatu, ahakikishe usajili wa chuo kwa mamlaka husika, Tanzania ikiwa ni NACTVET. Nne, amtake kijana achague fani moja kabla mwaka wa mwisho haujaanza.

Mwenye studio naye apange bajeti ya mafunzo kando ya bajeti ya mashine. Kompyuta hushuka thamani kila mwaka. Fundi anayelelewa vizuri hupanda thamani, na asipolipwa inavyostahili huhamia kwa mshindani akiwa na kila alichofundishwa.