Figo Husafisha Nini? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliutazama moyo na shinikizo la damu. Leo tunaifuata damu hiyo hadi mgongoni, chini kidogo ya mbavu, zilipo figo mbili.

Kuanzia Mwanjelwa hadi Soko Kuu la Iringa hakosekani muuzaji wa dawa ya "kusafisha figo". Ana chupa ya maji ya kahawia, ana mizizi, na ana hotuba ndefu kuhusu taka zilizoganda mwilini. Hotuba hiyo imeligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Figo hutoa taka, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kurudisha.

Tazama hesabu. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban lita 42 za maji mwilini. Theluthi mbili zimo ndani ya seli. Maji ya damu yenyewe, yaani plazma, ni lita 3 hivi. Kila figo ina ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi, na ndani yake mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Figo zote mbili hupitisha karibu lita moja ya damu kila dakika, na kwa siku huchuja lita 180. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu tu. Zilizobaki zote zimerudishwa kwenye damu, pamoja na sukari yote na karibu chumvi yote.

Mama anayechambua maharage huokota mawe akayatupa. Figo hufanya kinyume: humwaga gunia zima, kisha huokota punje nzuri na kuzirudisha, na makapi yanayobaki ndiyo mkojo. Yaonekana ni kazi ya hasara, maana inakula nguvu nyingi, ila ina faida yake. Figo hailazimiki kuitambua sumu ndipo iitoe. Kitu kigeni kinachoyeyuka majini, hata dawa iliyobuniwa jana kiwandani, kisipookotwa kitatoka chenyewe.

Sasa tuipeleke figo safarini. Mkulima wa viazi ameondoka Isyonje alfajiri ya Julai, baridi ikiuma, kwenda Rujewa kutazama mpunga wake. Huko juu Isyonje, baridi hubana mishipa ya ngozi na damu nyingi husogea kifuani. Moyo, ukihisi umejaa, huashiria kwamba maji yamezidi. Ubongo nao hupunguza homoni iitwayo vasopresini, ambayo ndiyo huamuru figo izuie maji. Basi mtu wetu huchimba dawa mara kwa mara ingawa hajanywa kitu. Wenyeji wa Makete na Mafinga hawahitaji daktari kuwaeleza hilo. Wanachosahau ni kwamba baridi hiyohiyo hupoza kiu, hivyo mtu hupoteza maji asijue.

Akishuka tambarare za Usangu, iliko Rujewa, jasho linaanza. Damu inakolea, vasopresini inapanda, na mkojo unakuwa mchache wa rangi nzito. Figo moja, mwili mmoja, siku moja. Akipitia kilabuni kwa ulanzi, mambo yanavurugika, kwa kuwa pombe huikandamiza vasopresini; hutoka nje kila mara, na kesho yake huamka na kiu.

Maji hayatembei peke yake. Chumvi ikienda, maji hufuata. Na mwili wetu uliumbwa kwa ajili ya uhaba wa chumvi. Kule Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, waakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba mwaka 1966 mabaki ya kazi ya kale ya kutengeneza chumvi kutoka chemchemi. Watu hawachemshi maji ya chemchemi kwa jasho na kuni zote hizo kwa ajili ya kitu cha anasa. Figo, kwa kuamrishwa na homoni ya aldosteroni, huweza kuibana chumvi hadi ikatoka kidogo mno. Leo chumvi imejaa kwenye chipsi na vidonge vya mchuzi, nayo figo inalemewa: maji yanabaki, presha inapanda, na presha hiyo inararua nefroni zenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa.

Si kila kiumbe hulazimika kukojoa kila siku. Mmarekani Homer Smith, bingwa wa figo, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1928 kumchunguza kamongo wa Ziwa Victoria. Samaki huyo, maji yakikauka, hujifukia topeni, huacha kabisa kukojoa na kulimbikiza taka mwilini hadi mvua irudi. Sisi hatuna uwezo huo. Tukishindwa kutoa hata nusu lita kwa siku, taka za protini zinaanza kutulemea.

Na figo zikifa, chakula chetu cha Nyanda za Juu kinageuka mtihani. Ndizi na parachichi za Rungwe, viazi mviringo vya Njombe, maharage, mboga za majani: vyote vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi kwenye damu moyo huweza kusimama ghafla. Viazi vya mgonjwa humenywa, hukatwa vipande vidogo na kuchemshwa kwa maji mengi, kisha maji hayo humwagwa. Hata maji yake ya kunywa hupimwa kiasi. Ndiyo maana naona ushauri wa "kunywa lita tatu kila asubuhi" ni wa hatari: haujui anayeambiwa ni nani. Mwenye afya na afuate kiu na rangi ya mkojo, na kwenye baridi ajikumbushe kunywa.

Matibabu yapo. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kusafisha damu kwa mashine kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na kwa anayetoka kijijini hilo ni sawa na kuhama nyumba.

Ugonjwa huu haupigi hodi. Zaidi ya nusu ya uwezo wa figo huweza kupotea kabla ya dalili. Kwa hiyo, msomaji, kama una presha au kisukari, au unameza diklofenaki kila ukitoka shamba, acha chupa ya kahawia sokoni. Nenda hospitali uombe vipimo viwili: kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo. Wiki ijayo tutaeleza namna ya kuyasoma majibu yake.