Adabu ya Mgeni wa Kazi

Mtu aliyekulia chini ya mikarafuu, akipanda kutoka mjini Moshi kwenda Kibosho, hustaajabia namna kahawa na migomba ilivyoshikamana kihambani, mmoja ukimpa mwenziwe kivuli. Kazi za Chama zilinifikisha huko, na jioni moja nilikaa barazani kwa mzee mmoja aliyepata kuwa askari. Aliniuliza iwapo vijana wa Visiwani nao wanakwenda kutafuta kazi nchi za nje. Nikamjibu kuwa wanakwenda, na baadhi yao huenda nchi ambazo moshi wa vita haujatawanyika. Ndipo aliponisimulia habari za Kampala.

Itakumbukwa kwamba majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu ya Kagera mwezi Oktoba 1978. Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana papo hapo mjini Moshi, wakaunda umoja wao wa ukombozi na kumchagua Yusuf Lule kuuongoza. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Lule alikaa madarakani siku 68 tu. Askari wa Tanzania, wana wa Bara na wana wa Unguja na Pemba, walibakia kulinda usalama hadi mwaka 1981.

"Kupigana nilifundishwa, mwanangu," alisema mzee. "Kukaa na watu baada ya vita sikufundishwa."

Nyumba aliyopewa haikuwa na milango wala taa, kwani vyote vilikwisha kuporwa. Sabuni na chumvi zilikuwa adimu, magendo yalishamiri, na usiku risasi zililia. Hayo aliyastahimili. Lililomwuma ni kwamba alipomwamkia jirani yake, mama wa makamo, kwa Kiswahili cha heshima, mama yule aliingia ndani na kufunga mlango. Mzee akadhani ni kiburi.

Baadaye ndipo alipofahamu. Katika Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi tangu zama za Waingereza. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wananchi wengi walikisikia kinywani mwa mwenye bunduki, aghalabu usiku, akiamrisha mlango ufunguliwe. Sisi wa Visiwani, ambao Kiswahili ni lugha tuliyobembelezewa utotoni, yatupasa tulitafakari jambo hili. Lugha ile ile yaweza kuwa salamu kwa mmoja na tishio kwa mwingine.

Siku moja upepo uliuinamisha mgomba wa jirani uliobeba mkungu mzito. Mtoto wa kihambani hawezi kuutazama mgomba ukianguka. Mzee alivua sare, akakata mti wenye panda, akauegemeza mgomba, kisha akaenda zake bila ya kusema neno. Kesho yake mtoto alitumwa kwake na sahani ya matoke iliyofunikwa kwa jani. Akamwuliza mtoto yule namna ya kushukuru kwa Kiganda, akafundishwa: "Webale." Jioni alilitamka neno hilo mbele ya mlango wa jirani, na safari hii haukufungwa.

Leo hali imebadilika. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sudan Kusini, iliyopitia vita vikali vya wenyewe kwa wenyewe, iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Milango ya kazi inafunguka, na lugha yetu inatakiwa. Hata hivyo, kutakiwa kwa lugha si ruhusa ya kwenda na majivuno.

Basi ndugu viongozi mnaohusika, mfanyakazi anapoandikiwa barua ya safari na kuhesabiwa posho yake, naafundishwe pia maamkizi ya huko aendako na masaibu yaliyowapata wenyeji wake. Gharama yake ni ndogo, na kukosekana kwake kwaweza kuiharibu kazi nzima. Nawe kijana unayefunga mzigo, usifanye haraka kumhukumu mwenyeji anayekufungia mlango. Jiulize kwanza ni nani aliyeugonga kabla yako.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kuponywa na mgeni asiyejua panapomwuma.