Nasaba ya Mbuzi na Mikono ya Akina Mama wa Meru

Kathleen Pelham-Clinton, Duchess wa Newcastle (1872–1955), alitia alama yake kwenye mbwa wa borzoi na foksi teria wa manyoya magumu kuliko wanaume wengi wa zama zake. Dume wake, Cackler of Notts, yumo katika nasaba za foksi teria wengi wa leo. Hata hivyo, Kennel Club, chama kilichoanzishwa 1873 na kinachotunza daftari la mbwa wa nasaba Uingereza, kiliwapa wanawake uanachama kamili mwaka 1979 tu. Nguvu za Duchess basi zilitoka bandani: anayeamua dume yupi apande jike yupi ndiye anayeunda kizazi, awe na kiti barazani au asiwe nacho. Jambo hilohilo linaonekana Meru, Kenya, ambako hakuna malkia wala lodi.

Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ni la wanaume, na kwa mila mifugo ni mali ya mwenye boma. Mahari yenyewe, ng'ombe, kondoo na asali, hupokewa na wazee. Lakini mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilipoleta mbuzi wa Toggenburg kutoka Uingereza ili wachanganywe na wa kienyeji, vikundi vya wafugaji vilipewa vituo vya beberu, yaani mahali pa kufugia dume la mbegu, na kazi ikaangukia mikononi mwa akina mama. Mbuzi hao wa maziwa hawatembezwi malishoni. Hukatiwa majani na kukamuliwa bandani. Mama ndiye anayegundua jike yuko kwenye joto, ndiye anayekumbuka alipandwa lini, na bila kumbukumbu hizo beberu hawezi kuhamishwa kabla hajawapanda binti zake.

Wapo watakaosema kwamba mume bado huuza na fedha hubaki mfukoni mwake. Ni kweli, na mara nyingi inaudhi. Ila mbuzi aliyeandikishwa katika daftari la nasaba huuzwa pamoja na historia yake, na mnunuzi makini huuliza maswali ambayo mume hujibu baada ya kumwita mkewe. Wengine watakumbusha kwamba Duchess alikuwa na fedha za kununua mbwa popote alipotaka. Naam, na aliweza pia kufuga kwa ajili ya urembo mtupu. Mama wa Meru hana anasa hiyo: pembe ziwe nzuri au zisiwe, kiwele kisipojaa, jike huyo hatunzwi kwa ajili ya uzao.