Vijana na Magari ya Spoti
Husemwa mara kwa mara kwamba vijana wa siku hizi hawana tena hamu ya magari ya spoti. Sisi hatuafiki. Kiwanda cha MG mjini Abingdon, Uingereza, kilipofungwa mwaka 1980, wengi walidhani gari dogo la viti viwili limekwisha kuzikwa. Mwaka 1989 Mazda wakaonyesha MX-5 mjini Chicago, gari jepesi la bei nafuu. Hata kufikia mwaka 2016 yalikuwa yameundwa 1,000,000. Kiu haikufa, kilichokosekana ni maji. Leo bei na bima humlemea dereva kijana. Watengenezaji hawana budi kumkumbuka, kwa petroli au kwa umeme. Asiyeonja ujanani hatatamani uzeeni.