Je, Wajua? Jicho Huugawa Mkeka Kabla Hujauchunguza

Tandika mkeka wa ukindu usiotiwa rangi kwenye baraza lolote la Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kisha usimame hatua chache. Majani ni yaleyale na rangi yake ya kukauka ni ileile, lakini kwa kutupa jicho tu unaona milia na mipaka. Sasa chuchumaa uupapase kwa kidole. Hapa jani linapita juu likielekea kulia. Nusu shibiri mbele linapita juu likielekea kushoto. Pale mwelekeo unapogeuka ndipo jicho linapoweka mpaka. Mwanga nao husaidia, maana jani hung'aa tofauti likigeuzwa.

Kazi hiyo ya kuweka mpaka huanzia kisogoni, ambako ubongo hupokea habari za macho. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliwachunguza paka na tumbili wakakuta seli nyingi za hapo ni za kuchagua: hii huchangamkia mstari uliosimama, ile mstari wa mshazari, nyingine uliolala.

Jambo linalonivutia zaidi lilionyeshwa na mwanasaikolojia Jacob Beck mwaka 1966. Ukiwaonyesha watu T iliyosimama, T iliyoinamishwa na L, wengi watasema T mbili ndizo zinazofanana, na ni kweli, kwani ni herufi moja. Lakini zijaze kwa wingi kwenye karatasi, kila aina na eneo lake. Eneo la T zilizoinamishwa litajitenga papo hapo, na yale ya T zilizosimama na L yatachanganyika hadi uyatafute. Zote mbili zina mstari mmoja wa wima na mmoja wa kulala, na kwa mtazamo wa kwanza jicho halina habari na herufi. Linapima mistari tu.

Béla Julesz, Mhungaria aliyehamia Marekani baada ya uasi wa 1956, alitafuta vijenzi vya msingi vya mtazamo huo. Mwaka 1981 alitaja mistari mifupi yenye mwelekeo na ukubwa wake, ncha zake na mahali inapokatana. Maelezo yake yalieleza mengi, ikiwemo kwa nini X hujitenga haraka katikati ya L: X ina makutano, L haina.

Mwaka 1988 James Bergen na Edward Adelson walipata sababu nyepesi zaidi. X na L zenye mistari ya urefu sawa hazionekani sawa, kwa kuwa X imejikusanya na huonekana ndogo. Walipozifupisha L, tofauti ilififia, ingawa makutano yalikuwa palepale. Kumbe ukubwa ulikuwa ukifanya kazi kubwa. Msukaji anayechana majani membamba kwa upande mmoja na mapana kwa mwingine hupata mpaka unaoonekana kutoka mlangoni, hata kama majani yote yanaelekea upande mmoja.