Kuchagua Chuo Kikuu kwa Udaktari wa Jenetiki

Mwanafunzi wa Lubumbashi au Kisangani aliyekwisha kupata lisansi ya biolojia, akitaka kuendelea hadi shahada ya udaktari katika jenetiki, kwa kawaida huuliza: chuo kipi ni kikubwa? Swali hili si baya, ila limekuja mapema. Yampasa kwanza ajue atatafiti jambo gani, na kama damu, mbegu au virusi atakavyovichunguza viko wapi.

Tuchukue mfano wa selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi mjini huuita SS. Chanzo chake ni badiliko moja tu katika jeni inayoongoza utengenezaji wa hemoglobini. Baba na mama wakiwa kila mmoja na nakala moja ya jeni hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kongo, pamoja na Nigeria na India, ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi zaidi huzaliwa na ugonjwa huo. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, aliona mwaka 1949 kwamba wenye jeni hiyo ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, bali ni haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba wenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria. Oxford ilimpa elimu. Swali lenyewe alilikuta katika nchi ya mbu. Mwanafunzi wetu anayo mali hiyo kabla hajaandika barua yoyote, wala asiitoe kwa bei rahisi.

Baada ya swali hutafutwa msimamizi. Zisomwe makala zake za karibuni, na waulizwe wanafunzi wake wa zamani: walimaliza kwa miaka mingapi, na nani aliwalipia mwaka wa mwisho? Itazamwe pia idara inayomzunguka, kwa maana maprofesa huhama. Ambroise Wonkam, Mkameruni aliyejulikana kwa utafiti wa selimundu, aliondoka Cape Town mwaka 2021 kwenda Johns Hopkins, Marekani. Aliyemchagua mtu peke yake huweza kubaki yatima katikati ya tasnifu.

Taratibu nazo hutofautiana. Ubelgiji na Uingereza mtu huingia katika utafiti moja kwa moja, kwa miaka 3 au 4. Marekani huanza na masomo na kupitia maabara kadhaa, na miaka 5 au zaidi ni kawaida. Jambo dogo lililowakwamisha wengi: lisansi yetu ya mfumo wa zamani ni ya miaka 5, lakini Ufaransa neno hilo humaanisha miaka 3. Maelezo yaambatishwe na diploma.

Si lazima kwenda mbali. Accra, Ede huko Nigeria, na Johannesburg kuna vituo vya jenomu vyenye sifa, ingawa kazi hufanywa kwa Kiingereza. Hata Kinshasa, INRB ilisoma jenomu za Ebola wakati wa mlipuko wa Mashariki wa 2018–2020. Kwa maoni yangu, utaratibu wa pamoja, kama ushirikiano wa Kinshasa na Leuven katika jenetiki ya binadamu, wafaa kuliko mwingine: maabara ziko mbili, na mgonjwa hasahauliwi.

Kabla ya kutia sahihi, mwanafunzi aulize sampuli zitahifadhiwa wapi na nani atazimiliki tasnifu ikiisha. Aulize tena kama chuo kitampa muda na nauli ya kurudi kwa familia zilizotoa damu. Mama wa Katuba halijui neno jeni. Ukimwambia kuhusu damu ya mwanawe, husikia pia ukoo, na huenda akadhani analaumiwa yeye au wakwe zake. Kumweleza kwa Kiswahili kinachoeleweka huchukua siku nyingi, na siku hizo ziandikwe katika mpango wa kazi tangu mwaka wa kwanza.